Mwanangu kaniuliza kama nitaingia motoni

*Shangazi, kwetu ni Kasulu, nimezaliwa na kulelewa Mkatoliki. Nimeolewa Ujiji na Mwislamu. Ndoa tulifunga bomani, na hajawahi kunilazimisha kusilimu. Tuna mtoto wa kiume wa miaka tisa, Yusufu. Jina hilo tulilichagua kwa sababu linaitika pande zote mbili. Shuleni kipindi cha dini anakaa na Waislamu wenzake, na jioni anaenda madrasa.*

*Mwezi uliopita alirudi akanikuta nachambua dagaa, akaniuliza: "Mama, kwani wewe utaingia motoni?" Ustadhi amewaambia kuwa makafiri wote ni wa motoni, na wenzake wakamcheka kwa kuwa mama yake ni kafiri. Sikuwa na jibu. Nilimwambia akaoge.*

*Nilipompeleka kwetu kumsalimia bibi yake, mambo yakaharibika zaidi. Mama yangu na wenzake wa jumuiya walimwekea mikono kichwani wakamwombea atokwe na "majini ya Ujiji". Usiku ule mtoto hakulala. Sasa mama ananiambia likizo ya Desemba nimlete abatizwe kimyakimya, baba yake atajua baadaye, na moyo wangu umeanza kukubali. Mama mkwe naye tunaelewana kwa mengi, lakini nyama niliyopika mimi haigusi. Shangazi, nyinyi Waislamu mnatuonaje sisi? Niambie ukweli. Na nifanye nini? — Mama Yusufu, Ujiji.*

Mama Yusufu, nianze na Desemba, maana hilo lina tarehe. Usifanye.

Nimemuuliza padre mmoja kabla ya kukuandikia. Kwa sheria za Kanisa lenu, mtoto aliyetimiza miaka saba huhesabiwa kuwa ana akili zake. Habatizwi kama mtoto mchanga anayebebwa mikononi. Hufundishwa, husubiri, na yeye mwenyewe ndiye anayetakiwa kuomba ubatizo. Padre anayefuata taratibu hatambatiza Yusufu kwa siku mbili za likizo. Na hata kama mngepata wa kuwakubalia, utakuwa umempa mtoto wa miaka tisa siri ya kumficha baba yake, aende nayo madrasa kila jioni, akae nayo mezani, alale nayo. Mtoto huyu tayari anakosa usingizi kwa mambo ya wakubwa. Usimwongezee.

Sasa swali lako. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Ujiji, na nitakujibu bila kuzunguka.

Tunawaona kwa macho mawili. Jicho moja linaona watu wa Kitabu. Kurani imemruhusu mume wako kukuoa ukiwa Mkristo na kubaki Mkristo, na imehalalisha chakula chenu kwetu; yote mawili yamo katika aya moja, ya tano ya Surat al-Maida. Sura hiyohiyo inawataja Wakristo kuwa ndio walio karibu zaidi na Waislamu kwa mapenzi. Masahaba walipoteswa Makka, Mtume aliwaelekeza wakimbilie Habasha, kwa mfalme Mkristo, na mfalme yule akakataa kuwarudisha. Maryamu ana sura nzima kwa jina lake. Haya si maneno niliyoyatafuta ya kukufariji. Yanasomwa misikitini kwetu.

Jicho la pili lina uchungu, nalo nisilifiche. Nilipokuwa mtoto nilisikia kuwa Wakristo si wasafi, wanakula nguruwe, wanalewa, wamemfanya Mungu kuwa watatu. Nilisikia pia jambo ambalo lina ukweli ndani yake: kwamba zamani shule nzuri zilikuwa za misheni, wazee wetu wakaogopa kupeleka watoto wasije wakarudi na majina mapya, na ofisi zikajaa watoto wa wengine. Serikali ilizitaifisha shule hizo mwaka 1969, lakini uchungu haukutaifishwa. Mama mkwe wako amekulia ndani ya uchungu huo. Ukimwona anakutazama kwa namna fulani, si wewe peke yako anayekuona.

Na nyinyi mnatuonaje? Umenisimulia mwenyewe: majini. Huko juu kwenu Buha, Ujiji ikitajwa, watu wanafikiria uchawi na watumwa. La watumwa ni kweli, lilikuwepo, na sisi wa Ujiji tungefanya vizuri kulisema wenyewe bila kungoja kusutwa. Lakini historia ya mji huu haikubali kugawanywa, wema huku na wabaya kule. Mwanzoni mwa 1869 David Livingstone aliugua mapafu ng'ambo ya ziwa, akashindwa hata kutembea. Aliyeagiza abebwe kwa machela hadi ufukweni ni Mohamed bin Gharib, mfanyabiashara Mwislamu, na Machi 14 mgonjwa akafika Ujiji akiwa hai. Aliporudi tena hapa Oktoba 1871 akakuta mali yake imeuzwa yote na Mwislamu mwingine, Sherif, aliyedai kuwa amepiga ramli kwa Msahafu na kuona mzee yule amekwisha kufa. Wa tatu, Said bin Majid, akajitolea kuuza pembe zake amsaidie. Watatu hao walikuwa wa dini moja. Na yule aliyembeba alikuwa anafanya biashara ya pembe na ya watu, biashara ambayo mgonjwa wake aliichukia na kuiandika. Mtu akikuambia kwa sentensi moja Waislamu wa Ujiji walikuwa watu gani, mwulize anamzungumzia yupi kati ya hao.

Au chukua mapadre wenu wenyewe, White Fathers, waliofika Ujiji Januari 1879. Kardinali Lavigerie aliwaanzisha Algeria, na vazi lao jeupe waliliiga kwa Waislamu wa kule, pamoja na rozari shingoni. Kanzu aliyovaa padre aliyewaletea wazazi wako Injili ina undugu na kanzu ya mume wako ya Ijumaa.

Lakini nadhani kilichomfikia Yusufu hakikutoka mbali kiasi hicho. Kimetoka kwenye kipaza sauti. Wewe ulikuwa mdogo, mimi naikumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990. Ujiji ni miongoni mwa mahali ilipoanzia, kabla haijaenea nchi nzima. Mhubiri Mwislamu anasimama uwanjani na Biblia iliyojaa vipande vya karatasi kwenye kurasa, anataja sura na mstari, msaidizi wake anasoma kwa sauti, watu wanapiga takbiri. Kitabu cha Ngariba na Kawemba, *Uislamu katika Biblia*, kilipita mikono mingi. Wakristo nao wakatoa wahubiri wao wenye Kurani mkononi, nao wakashangiliwa. Jambo hili lilikuwa na mizizi: tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ni kazi ya Canon Godfrey Dale, mmisionari, aliyeitayarisha ili walimu wa Kikristo wajue namna ya kujibu. Kila upande ulifungua kitabu cha mwenzake ukitafuta pa kumkamata. Februari 1998, huko Mwembechai, Dar es Salaam, malalamiko juu ya mahubiri ya namna hiyo yaliishia kwa risasi za polisi na watu kufa.

Simlaumu aliyehubiri anachoamini. Ninachokikataa ni kizazi kizima kujifunza dini ya jirani kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuishinda. Ustadhi wa Yusufu pengine ni kijana aliyekulia kwenye kanda za mihadhara hiyo, na wanajumuiya wa mama yako wanazo kanda za upande wao.

Kwa hiyo kipimo ninachokuomba wewe na mumeo mkitumie nyumbani ni hiki: msimwambie mtoto juu ya dini ya mwenzenu jambo ambalo mwenye dini hiyo akilisikia atasema, hilo si letu. Ukimweleza Yusufu Waislamu wanaamini nini, baba yake aliye chumba cha pili aweze kuitikia. Baba akieleza Wakristo wanamwona Yesu kuwa nani, wewe uweze kusema, ndiyo, ndivyo.

Wapo watakaokushauri umwambie kuwa dini zote ni moja. Mimi sikushauri hivyo. Kwenu Yesu ni Mwana wa Mungu, alisulubiwa, akafufuka. Kwetu Isa ni mtume mkubwa, mwana wa Maryamu, hakusulubiwa. Hayo hayakutani, na mtoto wa miaka tisa atagundua ndani ya wiki kuwa umemdanganya. Mwambie tu kwamba baba na mama wanatofautiana katika jambo kubwa sana, na kwamba walilijua hilo siku walipokwenda bomani, wakaenda.

Kuhusu moto, mjibu leo usiku, umechelewa mwezi mzima. Mwambie hukumu ni ya Mungu, ustadhi hakupewa, bibi hakupewa, na wewe hukupewa. Akikuuliza zaidi, mwambie habari za bibi zako wa Buha waliomwita Mungu Imana na kuwategemea bateko kuombea ardhi, kabla msikiti haujapanda mlima na kabla padre hajafika. Pande zote mbili zilipofika ziliwaambia ni watu wa motoni. Wewe bibi zako hao unawaonaje? Mweleze mtoto hivyo unavyowaona.

Kwa ustadhi usiende wewe. Aende mume wako, tena si kwa ugomvi. Amkumbushe habari ya Asma binti Abubakar, ambaye mama yake, asiyekuwa hata mtu wa Kitabu, alikuja kumtembelea. Akamwuliza Mtume afanye nini, akaambiwa aunge udugu na mama yake. Na Surat Luqman inasema kwamba hata wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mungu, usiwatii katika hilo tu, bali ukae nao duniani kwa wema. Wewe hujamshurutisha mtu. Mwalimu anayemfanya mtoto amwonee mama yake aibu ameacha kufundisha dini niliyofundishwa mimi. Akikataa kusikia, Ujiji ina madrasa nyingi, ahamishwe. Kama mumeo anaona uzito kwenda, hapo una tatizo jingine kubwa kuliko ustadhi, na uniandikie tena.

Kwa mama yako nenda wewe. Mweleze kwamba kufuga majini kwetu ni uchawi, na masheikh wanaukataza kama padre wake anavyoukataza. Mwambie pia kwamba Kanisa lake, katika Mtaguso wa Vatikano mwaka 1965, lilitangaza kuwa linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja, na kuwasihi wote wasahau ugomvi wa zamani. Hakulisikia, pengine, kwa sababu si habari ya kushangiliwa. Na umwambie wazi, kwa adabu ya mtoto kwa mzazi: hakuna kumwekea Yusufu mikono tena bila baba yake kujua.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini nimelisoma katikati ya mistari. Kama mlifunga bomani tu, basi nadhani miaka yote hii hupokei komunyo, na unakwenda kanisani ukikaa benchi la nyuma. Nenda parokiani ukamwone paroko. Askofu anaweza kutoa ruhusa ya ndoa baina ya Mkatoliki na asiyebatizwa, na mume wako hatatakiwa kuacha Uislamu. Nisikufiche tu kwamba utaulizwa kuahidi kufanya uwezalo watoto wawe Wakatoliki, na mumeo ataarifiwa ahadi hiyo. Yeye naye kwa upande wake anaamini kuwa mtoto humfuata baba. Hapo ndipo mtakapolazimika kuzungumza lile mlilolikwepa tangu mwanzo, mkiwa wawili, kabla ya bibi yeyote kuitwa. Yusufu akibalehe atakuwa na neno lake, na Katiba yetu, ibara ya 19, inampa haki ya kuchagua dini na hata kuibadilisha. Lakini msimwachie mtoto kazi ya kuamua ugomvi wenu.

Nimebakiza mama mkwe. Usidharau suala la nyama. Mwaka 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje uliua mchungaji. Kwa mzee wa Ujiji, kisu na bismillahi ni ibada. Siku ya kuku, mwanawe achinje uani, yeye mwenyewe akiona, na sufuria iwe mpya, haijawahi kuingia kitu anachokitilia shaka. Mpike pamoja. Siku nyingine zote mpikie migebuka kwa mawese. Samaki hahitaji kuchinjwa, na kwa mpishi wa Kasulu aliyeolewa Ujiji sidhani kama ataacha kitu kwenye sahani.