Gari la Moshi na Saa Yake

Zamani, kabla ya kuwapo reli, mtu aliyetaka kupeleka mzigo kutoka Tanga mpaka Muheza hakuwa na chombo ila kichwa na bega. Mwendo huo ni kadiri ya kilomita 40, na mpagazi aliyekwenda kilomita 20 kwa siku ilimlazimu kulala njiani usiku mmoja. Ndivyo walivyosafiri hata watu wa misheni ya Magila, ambayo ilikuwapo kabla ya reli. Mpagazi akichelewa, hasara ilikuwa yake na ya mwenye mzigo. Msafiri mwingine hakudhurika. Wasafiri wawili wakikutana katika njia nyembamba, mmoja alisogea majanini, wakaamkiana, kila mtu akaenda zake.

Mwaka 1893 Wadachi, yaani Wajerumani, walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga. Miti ilikatwa, matuta yakainuliwa, madaraja yakajengwa, mataruma yakalazwa, na juu yake zikafungwa reli mbili zilizoachana mita 1. Mwaka 1896 reli ikafika Muheza. Hapo fedha za kampuni zikawa zimekwisha, na kazi ikasimama. Mwaka 1899 serikali ya Kidachi ikaichukua reli ile, ikaiendeleza mpaka Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911.

Sasa safari ya siku mbili ikawa safari ya saa chache. Lakini pamoja na faida hiyo ikaja hatari ambayo wapagazi hawakuijua. Gari la moshi haliwezi kusogea majanini. Magurudumu yake yameshikwa na reli, na reli ni njia moja tu, ya kwenda na ya kurudi. Treni mbili zikikabiliana katika njia hiyo, hakuna iwezayo kuipisha nyingine. Wala dereva hawezi kusimama ghafula, kwa kuwa treni ni nzito, na hata breki zikifungwa huendelea kuteleza mbali.

Kwa sababu hiyo wajenzi waliweka, katika stesheni kadha wa kadha, njia ya pili fupi iliyo sambamba na njia kuu. Treni moja huingia humo na kungoja, nyingine ikapita. Basi ni lazima ijulikane mapema ni treni ipi itakayongoja, katika stesheni ipi, na saa ngapi. Karatasi inayoeleza mambo hayo huitwa ratiba. Watu wengi hudhani kwamba ratiba imeandikwa ili abiria wajue wakati wa kuondoka. Hiyo ni kazi yake ndogo. Kazi yake kubwa ni kupanga mahali pa kupishana.

Tufanye treni moja yaondoka Tanga saa mbili asubuhi, na nyingine yaondoka Muheza saa ile ile, na kila moja yaenda kilomita 20 kwa saa. Saa tatu kila moja itakuwa imekwenda kilomita 20, nazo zitakutana katikati. Hapo ndipo panapotakiwa njia ya kupishana. Lakini treni ya Muheza ikichelewa nusu saa, treni ya Tanga itafika katikati saa tatu kamili, nayo italazimika kungoja mpaka saa tatu u nusu, ingawa haina kosa lolote. Na kama treni ya tatu yaingoja hiyo ya Tanga huko mbele, nayo itachelewa. Hivyo uchelewevu wa mmoja huambukiza wengi, kama ugonjwa.

Tena ratiba peke yake haitoshi, kwa kuwa saa yaweza kukosea, na mtu aweza kusahau. Kwa hiyo katika njia nyingi za namna hii iliwekwa sheria nyingine. Kila kipande cha njia, baina ya stesheni mbili, kina alama yake, kama kijiti au kibao cha chuma. Dereva asiye na alama hiyo mkononi haruhusiwi kuingia katika kipande hicho, hata kama saa yake imefika, hata kama abiria wananung'unika. Na kwa kuwa alama itolewayo kwa wakati mmoja ni moja tu, treni mbili haziwezi kupata ruhusa ya kuingia pamoja.

Mambo haya si mchezo. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mwinuko ilirudi nyuma kwa kukosa breki, ikagonga treni ya mizigo iliyokuwa katika njia ile ile. Watu zaidi ya 280 walikufa. Hapo yaonekana kwamba breki, alama na ratiba ni walinzi watatu wa msafiri, na akilala mmoja wao, wenzake huenda wasitoshe kumwokoa.

Huenda mtu akauliza, Mbona treni za nchi nyingine huenda upesi sana? Je, zina injini kubwa tu? Jibu lake laanza katika njia yenyewe. Karibu na Muheza, kutoka Tengeni mpaka Sigi, palikuwa na reli nyingine ndogo, ambayo sasa haipo tena. Upana wake ulikuwa sentimita 75 tu. Reli nyembamba huweza kupinda kwa mapindo makali, ikaufuata mlima bila gharama kubwa. Kwa hiyo ilifaa kuteremsha mbao za milima ya Usambara. Lakini treni ikikimbia katika pindo kali, hutupwa nje kama maji ya kata inayozungushwa. Katika njia kama hiyo, injini kubwa ingeleta msiba tu. Atakaye mwendo wa kasi, sharti kwanza ainyoshe njia.

Wajapani walilijua jambo hilo. Reli yao ya zamani ilikuwa na upana wa mita 1 na milimita 67, karibu sawa na reli ya Muheza. Kati ya miji ya Tokyo na Osaka treni zilikuwa nyingi kupita kiasi, za abiria na za mizigo, za upesi na za polepole, na treni ya upesi ilichukua saa sita u nusu. Fundi mkuu, Hideo Shima, na wenzake hawakutaka kuongeza injini juu ya njia ile. Walijenga njia mpya kabisa, nayo ikaitwa Shinkansen, maana yake "njia kuu mpya".

Upana wake ni mita 1 na milimita 435. Mapindo yake ni mapana mno, na hakuna mahali ambapo barabara ya magari inakatiza juu ya reli. Njia ni mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, wala treni za mizigo haziingii. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, na treni zake zilikwenda mpaka kilomita 210 kwa saa. Mwendo huo ni karibu mita 58 kwa nukta moja, hata dereva hawezi kuzitegemea ishara za kando ya njia. Basi mwendo anaoruhusiwa huonyeshwa mbele yake ndani ya treni. Akiuzidi, breki hujifunga zenyewe. Usiku wa manane treni husimama kabisa, na mafundi huikagua njia mpaka alfajiri. Mwaka 1965 safari ya Tokyo na Osaka ikawa ya saa tatu na dakika kumi.

Hata huko, treni zisimamazo katika stesheni nyingi huingia kando na kungoja, ili zile za upesi zipite. Ni desturi ile ile ya stesheni za njia ya Tanga, ila kungoja kwake huhesabiwa kwa nukta. Tangu mwaka 1964, katika njia hizo hakuna abiria hata mmoja aliyekufa kwa treni kugongana au kuacha reli.

Katika Tanzania, abiria walianza kusafiri kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwaka huo huo treni ikafika Dodoma. Upana wa reli hiyo ni sawa na ule wa Shinkansen, na treni zake hufikia kilomita 160 kwa saa. Lakini kwa sehemu kubwa njia yake ni moja, na treni hupishana mahali palipotengwa. Kwa hiyo hesabu ya Tanga na Muheza ni hesabu yake pia.

Wahenga walisema, Haraka haraka haina baraka. Treni iendayo upesi kuliko zote haiivunji methali hiyo, kwa kuwa kabla ya kukimbia, njia yake imenyoshwa, breki zake zimejaribiwa, na mtu mmoja ameketi kwa utulivu na saa na kalamu, akaandika ni nani atakayengoja.

MASWALI

1. Kwa nini mpagazi aliyechelewa hakuwadhuru wasafiri wengine, na treni iliyochelewa huwadhuru?
2. Kazi kubwa ya ratiba ni nini?
3. Eleza faida moja na hasara moja ya reli nyembamba.
4. Kwa nini dereva wa Shinkansen huonyeshwa ishara ndani ya treni?
5. Treni moja yaondoka Tanga saa moja asubuhi, na nyingine yaondoka Muheza saa moja u nusu. Kila moja yaenda kilomita 20 kwa saa. Zitapishana saa ngapi, na kilomita ngapi kutoka Tanga?