Kwa Nini Mgonjwa wa Malaria Hutetemeka Juani

Huku kwetu Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, malaria twaijua sana. Utamwona mtu ameketi juani saa sita mchana, amejifunika mablanketi mawili, meno yakigongana. Ukimgusa, ngozi yawaka moto, naye alalamika baridi. Wengine husema ni mvua ya jana iliyomwingia mifupani. Sivyo. Baridi hiyo yatoka kichwani, nami nataka kuwaeleza jinsi inavyotoka.

Chini ya ubongo pana sehemu iitwayo haipothalamasi, uzito wake gramu 4 hivi. Kazi yake mojawapo ni kuuweka mwili karibu na digrii 37. Hupokea habari kutoka kwenye ngozi, tena huipima damu ipitayo. Joto likizidi, huitanua mishipa ya damu ya ngozi na kuleta jasho. Likipungua, huibana mishipa hiyo, na isipotosha huamuru misuli itetemeke. Kutetemeka ni kazi hasa: misuli ikikaza na kulegea upesi upesi huchoma chakula, na joto linalozalishwa laweza kufika mara nne au tano ya lile la mtu aliyetulia.

Sasa vijidudu vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Chembe za ulinzi hupeleka habari, na ubongoni hutengenezwa kemikali iitwayo prostaglandini. Hiyo huipandisha alama: haipothalamasi haitaki tena 37, yataka 39 au 40. Basi mwili wa digrii 37 huhesabiwa kuwa una baridi, na mtetemeko huanza hata jua likiwa utosini. Mwili ukiifikia alama mpya, mtetemeko hukoma, ukabaki moto. Alama ikishuka, jasho humwagika.

Hapo ndipo penye hatari. Majirani wakiliona jasho husema, "Amepona," na sisi tunaorudi nyumbani likizo naona haifai tunyamaze. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini huzuia prostaglandini isitengenezwe. Parasetamoli nayo (ndiyo ifaayo watoto, si aspirini) huishusha alama hiyo hiyo, lakini haiui kijidudu hata kimoja. Lazima mgonjwa apimwe damu, na akikutwa na malaria aimalize dawa yake yote, hata kama jasho limekwisha kumtoka. Na kummwagia maji baridi mtu anayetetemeka ni kushindana na ubongo wake. Utazidisha mtetemeko tu.

Neno moja kwa wenye wadogo wachanga. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama sisi. Ubongo wake huamuru mafuta ya kahawia, yaliyo katikati ya mabega na kando ya mafigo, yachomwe yatoe joto. Akiba hiyo ni ndogo, na kwa aliyezaliwa kabla ya siku zake ni ndogo zaidi. Kwa hiyo usiku, wageni wanapolala kituo cha mapokezi Kabazana, mtoto aliyetulia kimya aweza kuwa anapoa. Mguse miguu na tumbo. Vikiwa baridi, mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, amvike kofia, ajifunike naye blanketi, kisha wapelekwe kwa muuguzi usiku huo huo.