Dondoo Muhimu: Fulana za Kumbukumbu za Lamu

Mwenye kufungua mtumba hapa Kizingitini akakuta fulana kuukuu yenye jina la Lamu kifuani, asiifanye tambara la kufutia mashine ya mashua kabla hajaitazama.

Kwanza apindue pindo la mkono: mstari mmoja wa mshono aghalabu ni dalili ya fulana iliyotangulia miaka ya kati ya 1990, ilhali yenye kutaja urithi wa dunia haiwezi kuutangulia mwaka 2001, UNESCO ilipouandikisha mji wa Lamu.

Kisha aichunguze picha. Ikiwa ni siwa, lile baragumu la sherehe, atambue kwamba ile ya pembe ya ndovu asili yake ni Pate, kisiwa chetu hiki hiki, na ya shaba ndiyo ya Lamu, nazo zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Wala si ajabu mchoraji asiyezijua akazichanganya, na fulana ya namna hiyo, kwa rai yangu, ina ladha zaidi.

Katika kufua, aipindue nje ndani, atumie maji ya jabia yasiyo na chumvi, ijapokuwa ni adimu, aianike kivulini, wala pasi isiiguse chapa.