Maadui Wawili wa Ini



Ng'ombe, mbuzi au kondoo akichinjwa, mkaguzi wa nyama hulipasua ini na kulitazama kwa makini. Kwa nini? Ini ni ghala la mwili, na tena ni chujio lake. Sumu nyingi zinazoingia mwilini huzuiwa hapo. Ini likiharibika, mnyama mzima ameharibika.

Ini lina maadui wengi. Leo tutasoma juu ya wawili. Mmoja ana uhai: ni mnyoo wa ini. Mwingine hana uhai: ni madini mazito, kama shaba, risasi na zebaki.

ADUI WA KWANZA: MNYOO WA INI

Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mnyoo huu ni bapa kama jani, na huweza kufikia urefu wa sentimita 5 au zaidi. Maisha yake ni haya:

1. Mnyama mgonjwa hutoa mayai ya mnyoo katika mavi.
2. Mayai yakifika majini huanguliwa. Watoto wa mnyoo huingia ndani ya konokono wa majini.
3. Huongezeka humo kwa majuma kadhaa. Kisha hutoka na kujigandisha kwenye majani.
4. Mnyama mwingine hula majani hayo. Watoto wa mnyoo hutoboa utumbo, huingia katika ini na kulichimba mpaka kwenye mifereji ya nyongo. Baada ya miezi 3 au 4 nao hutaga mayai.

Kiangazi, nyasi za milimani hukauka. Wafugaji wa Mbeya na Iringa hushusha mifugo mabondeni, penye vinyungu na majaruba ya mpunga. Huko majani ni mabichi, lakini huko ndiko konokono waliko.

Mnyama mwenye minyoo ya ini hukonda ingawa anakula. Ukimfunua jicho, utando wa ndani ni mweupe. Maziwa hupungua. Wengine huvimba chini ya taya.

ADUI WA PILI: MADINI MAZITO

Shaba. Mnyama anahitaji shaba kidogo sana. Ikizidi ni sumu, hasa kwa kondoo. Katika mashamba ya kahawa ya Mbozi na Rungwe, dawa za shaba zimetumika kukinga mikahawa. Kondoo akilishwa kila siku chini ya mikahawa iliyopigwa dawa hiyo, shaba hujikusanya katika ini lake. Kwa majuma au miezi huoni dalili yoyote. Kisha siku moja ini hushindwa, na shaba humwagika katika damu. Macho huwa ya njano, mkojo huwa mwekundu au mweusi, na kondoo hufa kwa siku chache.

Risasi. Uyole ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Zambia hukutana hapo na barabara ya Tukuyu na Kyela. Penye magari hapakosi betri mbovu, na ndani ya betri mna risasi. Ng'ombe hupenda kulambalamba vitu. Akilamba betri iliyopasuka anaweza kupofuka, kuyumba, kusaga meno na kufa. Asipokufa, risasi huweza kutoka katika maziwa yake, na mtoto wako akainywa.

Zebaki. Huko Chunya wachimbaji wadogo wameitumia kukamatia dhahabu. Ikiingia mtoni huingia katika samaki, na kutoka kwa samaki humwingia anayemla. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Paka waliokula samaki waliyumba na kufa. Watu nao waliugua, na ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe.

MAADUI WAKISAIDIANA

Mnyoo una dawa. Ukimnywesha mnyama dawa inayofaa, mnyoo hufa. Lakini shaba, risasi na zebaki hazifi wala haziozi. Tena, ini lililochimbwa na minyoo lina nguvu ndogo ya kuzuia sumu.

Angalia jambo moja zaidi. Mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, ulitumika zamani katika nchi nyingi kuua konokono madimbwini. Konokono walikufa kweli. Lakini samaki walikufa pia, na shaba ikabaki katika tope. Usimfukuze adui mmoja kwa kumkaribisha mwingine.

TUFANYE NINI?

• Wanyweshe mifugo katika birika, siyo katika dimbwi.
• Kata majani ya nchi kavu uwaletee ng'ombe wa maziwa bandani.
• Mwulize Bwana Mifugo ni dawa gani, kiasi gani na lini. Uliza pia ni siku ngapi maziwa na nyama visitumike.
• Usilishe kondoo penye dawa ya shaba. Usioshe bomba la dawa mtoni.
• Betri mbovu zikusanywe mahali pamoja, mbali na mifugo na watoto. Zisivunjwe wala kuchomwa.
• Mnyama aliyekufa bila sababu kujulikana asiliwe. Mwiteni Bwana Mifugo amchunguze.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mnyoo wa ini hupitia kwa mnyama gani mdogo kabla ya kumfikia ng'ombe?
2. Kwa nini kondoo aliyekula shaba nyingi huonekana mzima kwa muda mrefu?
3. Mifugo ya kijiji chenu hunywa maji wapi kiangazi? Nendeni mkapaangalie pamoja. Je, kuna konokono? Nani huosha nini hapo?