Pete ya Ndoa: Ya Kung'aa au ya Kudumu?



Suala la pete huwajia wengi wenu zaidi ya mara moja. Huja siku ya arusi yenu. Baada ya miaka, pete hukatika, hupotea baharini au hukataa kuingia kidoleni, na Jubilei ya miaka 25 inapokaribia mnatafuta nyingine. Tena wengi wenu huombwa kuwa wasimamizi wa vijana, nao huwauliza: "Baba, Mama, tununue pete ya namna gani?" Basi tujifunze pamoja namna ya kuchagua.

1. Pete ni ishara

Tuanze na mafundisho ya Kanisa. Kinachofanya ndoa ni ridhaa ya mume na mke, wanayoitamka kwa hiari yao mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili (Sheria za Kanisa, kanuni ya 1057 na ya 1108). Pete hubarikiwa na kuvishwa baada ya ridhaa hiyo, ziwe ishara ya upendo na uaminifu. Hakuna sheria ya Kanisa inayodai pete iwe ya dhahabu, wala iwe ya bei fulani.

Tunalisema hili mapema kwa sababu kuna jambo linaloumiza. Wapo baba na mama hapa Pwani ambao mahari yalikwisha kutolewa, watoto wamekua, lakini miaka inapita bila sakramenti ya ndoa, na hivyo bila Komunyo Takatifu. Ukiwauliza, hujibu: "Bado tunatafuta pesa za pete na sherehe." Ikiwa mnawafahamu watu wa namna hiyo katika Jumuiya yenu, waendeeni. Waambieni wamwone paroko sasa, na pete iwe ile wanayoiweza. Mtume Yakobo aliwaonya Wakristo wasimheshimu mwenye pete ya dhahabu kuliko maskini aingiaye pamoja naye (Yak 2:1-4). Naye Papa Fransisko, katika waraka Amoris Laetitia wa mwaka 2016 (na. 212), aliwahimiza wachumba wasiogope kufanya arusi ya kiasi, upendo ukitangulizwa mbele ya mambo mengine yote.

2. Jueni kilicho chini ya mng'ao

Dukani pete zote hung'aa. Tofauti huonekana baada ya mwaka mmoja wa jasho, sabuni na maji ya chumvi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa sonara lisiwe "Inang'aaje?" bali "Ndani ni nini?"

Dhahabu. Dhahabu safi ni ya karati 24, lakini ni laini mno kwa pete ya kila siku, hivyo huchanganywa na madini mengine. Tazameni mhuri ulio ndani ya pete. 916 ni karati 22. 750 ni karati 18, yaani sehemu 75 kati ya 100 ni dhahabu. 585 ni karati 14. 375 ni karati 9. Karati 22 hupendeza kwa mkufu na vipuli, lakini katika pete hujikunja na kukwaruzika upesi. Kwa mtu wa kazi za mikono, karati 18 au 14 hustahimili zaidi. Karati 9 ni ngumu na bei yake ni nafuu, ila huweza kufifia rangi kwa sababu ina shaba na fedha nyingi.

Dhahabu nyeupe. Mara nyingi hupakwa juu madini yaitwayo rodiamu ili iwe nyeupe zaidi. Tabaka hilo likilika, rangi ya manjano hujitokeza, nayo pete hurudishwa kwa sonara ipakwe upya. Hesabuni gharama hiyo kabla ya kununua.

Fedha. Yenye mhuri wa 925 ni fedha ya kweli. Huwa nyeusi kwa kuguswa na salfa iliyomo hewani, na jasho na chumvi huharakisha weusi huo. Hiyo si dalili kwamba mmedanganywa. Ikisafishwa hurudia rangi yake.

Ya kuchovya. Hii ni shaba au chuma kilichopakwa dhahabu kwa tabaka jembamba sana, la sehemu ndogo za milimita. Kwenye kipuli hudumu, kwa kuwa kipuli hakisuguliwi. Kidoleni hulika upande wa kiganja kwanza. Shaba iliyo chini huacha alama ya kijani, na kama kuna nikeli, baadhi ya watu huwashwa na kutoka vipele. Ununuzi wake si dhambi. Kosa ni kuinunua kwa bei ya dhahabu, au kumwambia mwenzako ni dhahabu hali unajua sivyo. Neno la kwanza la ndoa lisiwe uongo.

Chuma cha pua. Ni cha bei ndogo, hustahimili chumvi na hakihitaji kupakwa kitu. Upungufu wake ni kwamba kwa sonara ni vigumu kukipanua, na kidole cha mama huvimba wakati wa ujauzito na hunenepa kwa miaka.

3. Uso wa pete

Mkishajua kilicho ndani, chagueni uso wake. Uso uliong'arishwa kama kioo huonyesha kila mkwaruzo, lakini sonara huweza kuung'arisha tena; mjue tu kwamba kila mara hupunguza madini kidogo, hivyo pete nyembamba isisuguliwe mara kwa mara. Uso uliofifishwa, usiong'aa, hupendeza mwanzoni, kisha hujing'arisha wenyewe pale unapoguswa sana. Uso wa kugongwa nyundo, wenye vibonyeo vidogo vidogo, huficha mikwaruzo kuliko zote, na humfaa mkulima, fundi na mchimba mawe. Michoro yenye mitaro hushika mchanga na unga wa ugali. Wekeni maandishi upande wa ndani: tarehe ya ndoa inatosha.

Kuisafisha ni rahisi: maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini. Msiisugue kwa majivu au mchanga kama sufuria. Na anayefanya kazi kwenye mabwawa ya kuogelea ya hoteli za Malindi na Watamu aivue kwanza, kwa maana klorini hudhoofisha madini yaliyochanganywa na dhahabu.

4. Pete ikivuliwa

Hapa ndipo nyumba nyingi huingia maneno. Mvuvi avutaye jarife, fundi wa mashine, mfanyakazi wa chumvi kule Gongoni: hawa wote wana haki ya kuvua pete kazini. Pete ikinasa kwenye kamba au mashine huweza kuchuna kidole chote. Tena majini kidole hupoa na kusinyaa, nayo pete huponyoka bila mtu kusikia.

Lakini mke akiona kidole kitupu, hasa mume anapofanya kazi kati ya wageni, huanza kuwaza. Mume naye huweza kumwazia mkewe vivyo hivyo. Msingoje ugomvi. Kubalianeni mapema: pete itavuliwa saa ngapi, itawekwa wapi, itarudishwa lini. Wengine huivaa shingoni kwa uzi imara iliofichwa ndani ya shati. Wengine humwachia mwenzi asubuhi na kuvishwa tena jioni. Hilo la pili ni zuri sana, kwa maana kila jioni ishara hutolewa upya.

Na ikipotea? Ndoa haikupotea. Nunueni nyingine mnayoiweza, mwombeni padre aibariki. Anayemficha mwenzake kwamba pete imepotea hupoteza zaidi ya pete.

Neno la mwisho

Kanuni ya kuchagua ni moja: chagueni pete ambayo ndani yake ni sawa na nje yake, hata kama ni ndogo. Pete ya fedha halisi au ya chuma cha pua, iliyonunuliwa bila deni, ina heshima kuliko ya kuchovya inayojifanya dhahabu, au ya dhahabu iliyowaachia madeni ya miaka miwili. Mtume Petro hufananisha imani na dhahabu ijaribiwayo kwa moto (1 Pet 1:7). Ndoa pia hujaribiwa, na kinachobaki ni kile kilichokuwemo ndani tangu mwanzo.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika Jumuiya

1. Pete zetu ni za madini gani? Je, kila mmoja wetu anajua bei yake halisi?
2. Tumekubaliana nini juu ya kuvua pete kazini?
3. Katika Jumuiya yetu, ni nani aliyechelewa kufunga ndoa kwa sababu ya gharama? Tutamsaidiaje mwezi huu?