SOMO LETU: LORI GUMU KUWAKA ASUBUHI



Leo tunajifunza juu ya lori la dizeli linalokataa kuwaka, jambo linalotusumbua hasa sisi wa mashamba ya chai ya sehemu za baridi, kama Fort Portal. Si jambo la dereva peke yake. Lori lisipofika, majani yaliyochumwa hukaa katika magunia, hupata joto na kuharibika, na mchumaji anayelipwa kwa kilo huingia hasarani. Mgonjwa wa kambini naye hukosa njia ya kufika hospitali.

Tunamkumbuka dereva mwenzetu aliyepewa barua ya onyo kwa "uzembe" baada ya lori lake kukataa kuwaka siku tatu mfululizo. Ilinunuliwa betri mpya. Lori likakataa tena. Mwishowe ilionekana kuwa waya wa hasi umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye chasisi. Kuusafisha hakukuchukua hata nusu saa, lakini barua ilibaki katika faili lake. Basi tutafute ugonjwa kwanza, dawa baadaye.

Swali la kwanza: Je, stata inazungusha injini vizuri?

Kama haizungushi, au inazungusha kwa uzito, tuanze na umeme. Tutazame vichwa vya betri: unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita. Tufungue waya wa hasi kwanza, na wakati wa kufunga tuurudishe mwisho. Tusugue kwa brashi ya waya, tukaze barabara, kisha tufanye vivyo hivyo kwenye chasisi na kwenye stata. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati wa kupiga stata, haina chaji au imechoka. Malori mengi yana betri mbili zilizounganishwa kupata volti 24. Tupime kila moja peke yake. Kama betri ni nzima na stata bado ni nzito, tuguse maungio ya waya mara baada ya kupiga stata. Ungio lililopata moto ndilo lenye kasoro.

Swali la pili: Injini inazunguka lakini haiwaki. Je, moshi unatoka?

Kama hakuna moshi, dizeli haifiki. Tutazame tangi, filta iliyoziba, na maji yaliyotuama chini ya filta. Kisha tutoe hewa: tulegeze skrubu ya filta, tupige pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, tukaze. Kama hewa inarudi kila lori linapolala, kuna bomba lililopasuka au ungio lililolegea.

Moshi mweupe mwingi maana yake dizeli inafika lakini haiungui. Huenda plagi za kupasha moto zimekufa, kama injini inazo, au nozeli ni mbovu, au kompresheni imepungua. Hapo aitwe fundi.

Tahadhari. Betri hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara na moto viwe mbali. Stata isipigwe zaidi ya sekunde 15 kwa mfululizo, ipumzishwe. Mtu asiingie chini ya lori ambalo magurudumu yake hayakuwekewa vizuizi. Na wachumaji wasiamriwe kusukuma lori kwenye mteremko: breki zake hazina nguvu kamili injini ikiwa imezimika.

Jambo la mwisho, nalo ni kubwa. Kila kasoro iandikwe katika kitabu cha gari siku ileile: tarehe, saa, dalili, na nani aliyearifiwa. Dereva abaki na nakala. Neno la mdomo hukanushwa, maandishi hubaki. Mwenzetu yule angekuwa na nakala, kamati ya tawi ingekuwa na kitu cha kuweka mezani.

Maswali ya kujadiliana tawini:

1. Kwa nini betri mpya haikumsaidia mwenzetu?
2. Lori halitoi moshi hata kidogo. Tutaanza kutazama wapi?
3. Je, malori ya shamba letu yana kitabu cha gari, na nani anakisoma?