Mwanangu Bado Hasemi: Mtaalamu wa Lugha ya Watoto Anajibu

Wazazi wa watoto wa mwaka 1 hadi 3 wameuliza. Mtaalamu wa matamshi na lugha anayehudumia watoto Dar es Salaam anajibu.

Mwanangu ana mwaka na nusu. Anasema "mama", "baba", "aji" akitaka maji, na mengine mawili matatu. Wa jirani, waliozaliwa wiki moja, anaongea mfululizo. Wangu kachelewa?

Wa jirani usimfanye kipimo, mama. Watoto wa rika moja hupishana sana hapa. Wengi hutamka neno la kwanza wanapokaribia kutimiza mwaka, na kwa miezi 18 tunatarajia walau maneno 3 mbali na "mama" na "baba". Hiyo "aji" ihesabu: ni neno, maana anaitumia kwa kitu kilekile kila siku.

Ila mimi, kabla ya kuhesabu maneno, huuliza mengine. Ukimwambia "lete kiatu" bila kukitazama wala kukionyesha, analeta? Akiona paka, anamnyooshea kidole kisha anakugeukia kuhakikisha nawe umemwona? Mtoto afanyaye hivyo anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyatamka, naye hunitia moyo. Asiyeonyesha kitu kwa kidole na asiyegeuka akiitwa jina, huyo nataka kumwona mapema, hata kama ana maneno kadhaa.

Bibi yake anasema akatwe kimeo, au ulimi una udata. Tumkate?

Kimeo msiguse. Naomba nisikilizwe vizuri hapa, kwa sababu bado wapo watoto wanaopelekwa kwa wakataji wa mitaani. Kimeo hakimzuii mtoto kujifunza kusema. Kukikata kwa wembe kunaleta kuvuja damu, maambukizi, pengine kifo, na mtoto akipona, lugha inabaki palepale ilipokuwa.

Udata ni jambo jingine. Upo kweli: utando chini ya ulimi unakuwa mfupi, na unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au, baadaye, kutamka baadhi ya sauti. Lakini mwenye udata bado huelewa, huonyesha, na hujaribu maneno. Ikiwa mtoto hana maneno kabisa, sababu itafutwe kwingine. Daktari wa masikio, pua na koo ndiye wa kuamua kama ulimi uguswe.

Bibi mwambieni kwa heshima. Anachotaka ni mjukuu wake aseme, nasi tunataka hilohilo.

Baba ni Mhaya, mimi Mchaga, dada wa kazi anaongea Kiswahili, na shule itakuwa Kiingereza. Tubaki na lugha moja?

Hapana. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto. Hesabu maneno yake ya lugha zote kwa pamoja. Wewe ongea naye lugha unayoimudu bila kutafuta maneno, ile unayombembelezea na kumkemea. Huwa nasikitika mzazi anapoacha Kichaga chake kizuri na kumpa mtoto Kiingereza cha amri tupu: "kaa", "njoo", "acha".

Katuni za kwenye simu zimemfundisha rangi na namba. Si zinasaidia?

Kukariri si kuzungumza. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, walichapisha jaribio lao: watoto wa miezi 9 walisikilizishwa Kichina, wengine wakichezeshwa na mtu aliyekaa nao, wengine kwa video. Wa kundi la kwanza walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa video hawakujifunza. Mtu humtazama mtoto, humngoja, humjibu. Video inaendelea tu. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa 2019, halipendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka 1, na kwa wa miaka 2 linashauri isizidi saa 1 kwa siku.

Huhitaji muda maalumu wala vitabu vya bei. Ukichambua mchele, mwonyeshe chuya. Ukimwogesha, taja goti, kisigino, sabuni. Kisha nyamaza kidogo. Wazazi wengi hawampi mtoto nafasi ya kujibu.

Wa miaka 2 anasema "Juma nalala". Nimsahihishe?

Usimrudishe nyuma. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wanne wa Nairobi na kutoa kitabu mwaka 2005, alionyesha kuwa wadogo huacha mara nyingi kiambishi cha mtenda, kama "a" ya mwanzo katika "analala". Hata wakubwa wa huko hukidondosha katika mazungumzo ya kawaida! Wewe itikia: "Ee, Juma analala. Amechoka." Amesikia umbo kamili, na mazungumzo hayakukatika. Na "r" ikiwa "l", mwache, hiyo huchelewa.

Twende hospitali lini?

Kama kwa mwaka mmoja habwabwaji "bababa" wala "dadada", kama kwa miaka 2 haunganishi maneno mawili kama "mama njoo", nendeni. Aliyepata homa ya uti wa mgongo, manjano makali baada ya kuzaliwa, au anayetoka usaha masikioni, apimwe hata bila dalili hizo. Ombeni kipimo cha usikivu kwanza. Kupiga makofi nyuma yake hakutoshi: anaweza kuhisi upepo au mtikisiko, au akasikia kishindo na bado akakosa sauti nyembamba za maneno. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea asisubiri tarehe ya kliniki ijayo. Mpelekeni wiki hiihii.